Shakwe wa Malindi si shakwe wa Mwanza

Nimekulia Mwanza, sasa nafanya kazi Malindi. Shakwe wa huku wako kama walioogea masizi. Si wale wale wa ziwani?

Siyo, ni aina mbili. Wa ziwani ni shakwe kichwa-kijivu: mgongo kijivu cha kung'aa, tumbo jeupe pe, mdomo na miguu myekundu. Wa Malindi, ambaye Waingereza nao wamemwita kwa masizi hayo hayo, ana kichwa cha kahawia iliyokoza, mgongo uliofifia kidogo, na shingoni mstari mweupe kama kola ya shati. Subiri atue karibu na wavuvi wanaopaa samaki, umtazame mdomo. Ni mrefu na mnene, wa manjano ya kijani-kijani, halafu utepe mweusi, halafu ncha nyekundu. Ukishauona mdomo huo mara moja, humpotezi tena.

Mbona Kisumu nimewaona wenye kichwa cheupe?

Kwa sababu kofia ya kijivu huvaliwa msimu wa kuzaa. Msimu ukipita, kichwa huwa cheupe na kubaki doa hafifu nyuma ya jicho. Ndiyo maana mimi kichwa sikiamini, naanzia mdomoni na miguuni. Makinda ndio mtihani, maana wote wana ukahawia. Hata hivyo kinda wa pwani ni wa kahawia karibu mwili mzima, na mdomo wake tayari ni mkubwa. Wa ziwani ni mweupe chini, mdomo mwembamba.

Huyo wa masizi anazaa wapi?

Visiwani: Bahari ya Shamu, Ghuba ya Aden, Omani, na kwetu visiwa vya Kiunga, kaskazini mwa Lamu. Huko jirani yake ni buabua, na sitamtetea: mayai na makinda ya buabua anakula, na vitoto vya kasa vinavyokimbilia maji vilevile. Kichwa-kijivu huzaa bara, kwa makundi, kwenye maziwa na mabwawa.

Januari nilimwona mkubwa, mgongo mweusi, kifua cheupe, miguu ya manjano. Ni yupi kati ya hao?

Hayumo. Huyo ni mgeni wa kutoka kaskazini mwa Ulaya na Urusi, anakimbia baridi. Ana doa jekundu kwenye mdomo wa chini, ambalo kinda hulidonoa ili mzazi amtapikie chakula. Hapa hutaliona likidonolewa, kwani kwetu hazai.