Paka Akikwaruza, Mbwa Aking'ata: Udhu, Udongo na Kidonda

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mwanangu wa miaka 6 kamvuta mkia paka wetu anakula dagaa. Paka kamkwaruza, kisha kamng'ata chini ya kidole gumba. Mimi nilikuwa na udhu wa adhuhuri. Nilipowaamua nikakwaruzwa na mimi, na damu ya mtoto ikaingia kwenye kanga. Mama mkwe kajaza kahawa ya unga kidondani. Je, udhu umetenguka? Na kanga? Na lau angekuwa mbwa, ule udongo wa kutoharishia mate yake tungeutia ndani ya jeraha? Jengine, paka huyu kishamla kifaranga wa jirani mara mbili, na jirani anadai. (Mama, Wete)

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Mama, tuanze na kidole cha mtoto, udhu tutaujia. Wakati wa adhuhuri ni mpana mpaka alasiri. Kidonda cha jino la paka hakingoji. Jino lake ni jembamba kama sindano. Nje unaona vitundu viwili tu, kumbe ndani limeshafika kwenye kano na kuacha vijidudu, na ngozi ya juu hujifunga upesi. Ndiyo maana mtoto hulala vizuri, akaamka kidole kimevimba, chekundu, cha moto. Kahawa ya unga huziba vitundu hivyo na kuufungia uchafu ndani. Majivu, manjano na mafuta ya taa navyo havitibu kitu hapo. Itoeni yote. Mkono uwekwe chini ya mfereji, sabuni ya kipande, dakika 15 kwa kutizama saa. Maji yakikatika, mtu amimine kwa kopo mfululizo. Kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo, wamtizame kwa dawa ya vijidudu, sindano ya pepopunda na chanjo ya kichaa cha mbwa. Ndiyo, kichaa hicho humpata paka pia, na kikishaonesha dalili kwa mtu karibu hakuna anayepona. Chanjo huchomwa kwa tarehe zake. Msiache katikati kwa kuwa kidole kimekauka. Na aliyefunga Ramadhani, sindano ya mkononi haimfunguzi.

Udhu wako haujatenguka. Katika madhehebu yetu ya Shafi, damu inayotoka mkononi si katika vitenguzi, iwe chache au nyingi. Mahanafi wana kauli nyengine. Abu Daud amepokea kwa Jabir habari ya Ansari aliyepigwa mishale usiku akiwa anasali, naye akaendelea na sala yake huku damu inamtoka.

Kanga ni suala mbali, kwani damu ni najisi. Chache inasamehewa, ikiwa nyingi, na ni ya mwengine, ifue kabla ya kusali. Tumia maji baridi, ya moto huigandisha damu kwenye uzi. Likibaki doa lisilotoka baada ya kusugua, hilo halina neno. Mate ya paka hayakunajisi. Sahaba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo chake cha udhu akanywa, akamtajia Kabsha, mke wa mwanawe, maneno ya Mtume (s.a.w.) kuwa paka si najisi, bali ni katika wanaokuzungukieni majumbani. Dagaa nao ni tohara. Angekuwa ametoka kumtafuna panya, hapo mdomo umenajisika, na kuosha mara moja kungetosha.

Mbwa hukumu yake nzito, na hapa ndipo watu wanapojiumiza. Mate yake huoshwa mara saba, moja kwa udongo, kwa hadithi ya Abu Huraira iliyomo katika kitabu cha Imam Muslim, na pahala alipong'ata panaingia humo. Lakini nimesikia watu wanasugua mchanga kwenye nyama iliyochanika! Udongo ndiyo makaazi ya vijidudu vya pepopunda. Anza na zile dakika 15 za maji na sabuni. Hesabu humo mimino saba inayoenea pote. Kisha koroga udongo safi kwenye kopo mpaka maji yatibuke, uyapitishe kwenye ngozi nzima ya pembeni iliyopata mate, na usuuze. Ndani ya jeraha usitie. Kauli yenye nguvu kwetu ni kwamba udongo hauna badala, ila ipo kauli ndani ya madhehebu hayo hayo inayoikubali sabuni. Kwenye jeraha bichi ninaegemea hiyo, kwani Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana.

Ama vifaranga. Asili ni kuwa mnyama akijeruhi mwenyewe hakuna fidia. Ila wanavyuoni wetu wamemtoa paka aliyejulikana kwa tabia ya kula ndege au chakula cha watu: mwenye paka huyo hulipa, akila usiku au mchana. Kifaranga cha kwanza naona hudaiwi, kwani hukujua. Cha pili mlipe, bei ya kifaranga wa umri ule, si ya kuku ambaye angekuja kuwa. Kumuua paka akiwa katulia haifai. Ukimfungia, mwekee maji na chakula, kwani yule mwanamke aliyeingia motoni alimfunga paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Na jirani mwombe avifunike vifaranga kwa tenga mpaka viote mbawa.

Wallahu aalam.