Kabla hujalipa ada ya chuo cha urembo

Mdogo wangu unayetaka kusomea ususi na urembo hapa Arusha, ukitajiwa ada, uliza mara moja: na vifaa? Mimi nilisoma mchana, jioni nasuka Mbauda, na pesa yangu nyingi ilikwenda kwenye vitu visivyokuwemo kwenye ada: kichwa cha mazoezi, dawa za nywele, vifaa vya kucha, sare, nauli, ada ya mtihani. Rasta ndizo zinazokula zaidi. Ukizisuka na kuzifumua mara kadhaa zinajifunga mafundo, unanunua nyingine. Omba mchanganuo wa maandishi wenye muhuri, uonyeshe chuo kinatoa nini na wewe unaleta nini. Wakisita kukupa, nenda chuo kingine. Na kabla ya kutoa hata shilingi, hakikisha kimesajiliwa na NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi.

Kulipa kwa awamu kunazungumzika, ila panga tarehe kwa kufuata msimu wa kazi yako. Desemba, Wachaga wanapopanda Moshi kula sikukuu, saluni zinajaa hadi usiku. Januari wateja wote wanawaza ada za watoto. Kwa hiyo awamu kubwa niliiweka mwisho wa Desemba. Kila malipo, dai risiti.

Kuhusu msaada, nisikufiche: mikopo ya HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, ni ya elimu ya juu na baadhi ya stashahada, si ya cheti cha ususi. Usikae nyumbani ukiingoja. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) haina riba, lakini hutolewa hasa kwa vikundi kwa ajili ya biashara. Hiyo ni ya drayeri na kodi ya fremu utakapohitimu, nawe anza mapema kumzoea afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Kwa ada yenyewe, ulizia kwanza vyuo vya VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, maana serikali inachangia gharama, na fuatilia matangazo ya Ofisi ya Waziri Mkuu inayofadhili vijana kusomea ufundi.

Kama tayari unasuka na wateja wanakutafuta, ulizia VETA urasimishaji wa ujuzi. Wanakupima kwa kazi unayoijua, wanakujazia palipopungua, unapata cheti bila kuanza upya darasani.