Tezi Dume kwa Wazee: Vipimo Nilivyompeleka Baba

Wanaume wengi huhesabu kuamka usiku kwenda haja ndogo kuwa ni uzee tu, na baadhi yao hufikishwa hospitali mkojo ukiwa umeziba kabisa, wakalazimika kuwekewa mpira wa kutolea mkojo. Tezi dume huuzunguka mrija wa mkojo chini ya kibofu, nayo ikikua huubana: mkojo huchelewa kuanza, hutoka kwa unyonge, hukatika-katika, na mtu humaliza akihisi bado umebaki. Ukuaji huu si saratani wala haugeuki kuwa saratani, ingawa yote mawili yanaweza kumpata mtu mmoja, ndiyo maana vipimo ni vya lazima.

Baba hakuweza kulizungumza jambo hili nami, binti yake. Alimwambia mjukuu wake wa kiume, ambaye ana ruhusa ya utani. Mjukuu huyo ndiye aliyemnunulia jagi la plastiki lenye alama za mililita na daftari, akawa anaandika saa, kiasi cha mkojo na alichokunywa babu yake. Siku 3 za kumbukumbu kama hizo humsaidia daktari mno, kwa kuwa mkojo mwingi wa usiku humfanya afikirie kisukari, moyo au vinywaji vya jioni, ilhali mkojo wa kidogo kidogo humwelekeza zaidi kwenye kibofu na tezi.

Daktari alianza na maswali 7 kuhusu dalili, yenye jumla ya alama 0 hadi 35. Kuanzia 8 dalili ni za wastani, kuanzia 20 ni kali. Kipimo cha kidole kupitia njia ya haja kubwa, ambacho baba alikihofia kuliko vyote, kilikwisha upesi, nacho hutofautisha tezi laini na yenye uvimbe mgumu. Kipimo cha damu cha PSA, yaani protini inayotengenezwa na tezi dume, kisisomwe peke yake: maambukizi ya mkojo, mpira uliowekwa karibuni, hata tendo la ndoa ndani ya siku 2, huweza kukipandisha, na finasteride, dawa ya kupunguza ukubwa wa tezi, hukishusha kwa takriban nusu. Altrasaundi huonyesha mkojo unaobaki kibofuni baada ya kukojoa, pamoja na hali ya figo. Ninaliona hilo kuwa muhimu kuliko ukubwa wa tezi, kwani tezi ndogo nayo huweza kumtesa mtu.

Mwambieni pia mfamasia habari hizi, maana baadhi ya dawa za mafua huweza kufunga mkojo. Mzee akishindwa kabisa kukojoa, akiona damu, au akipata homa pamoja na maumivu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe ya kliniki.