Mtia nia au mgombea?

SWALI: Mwanachama akichukua fomu ya kuomba chama chake kimsimamishe kwenye urais, tumwite mtia nia au mgombea? Na je, "kugombania" ni sawa na "kugombea"? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Mtia nia. Ugombea huja baadaye, na anayeyachanganya maneno haya anampotosha msomaji kuhusu mtu amefika wapi.

Chukua mchakato wa CCM wa mwaka 2015. Edward Lowassa aliposimama Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, mwezi Mei, alitangaza nia, basi. Chama kilikuwa hakijampa kitu, yeye wala wenzake zaidi ya 30 waliochukua fomu. Neno limekaa mahali pake: nia hutangulia tendo, kama mfungaji wa Ramadhani anavyotia nia kabla ya alfajiri. Wingi wake ni watia nia.

Baada ya fomu ikaja hatua ya wadhamini, yaani wanachama wanaotia saini kumuunga mkono mtia nia, na hapo ndipo maneno yalipobeba mkakati mzima. Kanuni ilitaka wanachama 450 kutoka mikoa 15, na kampeni zilikuwa hazijaruhusiwa. Lakini wapo waliokusanya majina mara nyingi zaidi ya hayo, mkoa baada ya mkoa, umati ukiwapokea kwa nyimbo. Kisheria walikuwa wakitafuta wadhamini; machoni pa watu, wanaonyesha nguvu ili vikao vya juu viogope kuwakata. Mwandishi mwaminifu ataje yote mawili: alikwenda kutafuta wadhamini, akahutubia umati. Akiandika "wadhamini" tu, anakuwa amemsaidia mwanasiasa kuficha kampeni.

Julai, Dodoma, Kamati Kuu ilibakiza majina matano, ile "tano bora", na jina la Lowassa likakatwa. Halmashauri Kuu ikayachuja hadi matatu: John Magufuli, Amina Salum Ali na Asha-Rose Migiro. Hawa watatu nakubali waitwe wagombea, ila wa uteuzi, kwa kuwa walipigiwa kura na wajumbe wa Mkutano Mkuu. Magufuli alipopata kura 2,104, hapo ndipo CCM ilipopata mgombea wake wa urais. Tusimwite "mteule" bila maelezo, maana rais mteule ni aliyekwisha kushinda uchaguzi mkuu na anasubiri kuapishwa.

Kenya wanasema mwaniaji, na kura za ndani ya chama wanaziita mchujo. Mchujo nalipenda kuliko "kura za maoni" yetu, ambayo pia ni jina la kura ya wananchi wote juu ya katiba. Msomaji hulazimika kukisia ipi inasemwa.

Kuhusu swali la pili, kugombania kumetokana na kugombana, kwa hiyo kunadai watu wawili au zaidi wanaovutana. Andika "Magufuli, Amina na Migiro waligombania nafasi moja", lakini "Migiro aligombea". "Migiro aligombania urais", peke yake, ni kosa, hata kama redioni tunalisikia kila siku.