M. D. Ramanathan: uanzie wapi kama anakusinzisha

Mkuu, umeuliza watu wanamsifia nini M. D. Ramanathan, mwimbaji wa Karnatiki (muziki wa jadi wa India Kusini), wakati wewe dakika kumi tu ulishasinzia. Hauko peke yako. Hata enzi za uhai wake (1923–1984) walikuwepo waliomwona mzito kupita kiasi. Serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri mwaka 1974, lakini taji la Sangita Kalanidhi, heshima kubwa kwa wanamuziki wa Karnatiki inayotolewa na Music Academy ya Madras, hakulipata mpaka anafariki. Kwa masikio yangu, hiyo ni dhuluma.

Anza na vifaa. Sauti yake ni besi ya chini kabisa. Waimbaji wengi wa kiume wa Karnatiki huweka Sa yao (noti ya msingi) karibu na C hadi D, yeye yuko chini zaidi. Spika ya simu huwa inakula ile sehemu ya chini yote na kukuachia mikwaruzo. Vaa hedifoni, ila usiongeze besi kwenye mipangilio, maana upande wa kushoto wa mridangamu (ngoma ya pande mbili inayomsindikiza) nao utavimba na kumfunika. Na kile kitufe cha kuharakisha usikiguse kabisa.

Halafu angalia rekodi yenyewe. Nyingi ni nakala ya nakala ya kanda, na mashine ikizunguka haraka sauti hupanda. Kasi ikizidi kwa takriban asilimia 6 tu, umeshapanda nusu toni, na mzee anageuka mtu mwingine. Fungua programu ya kupimia tuni, pima tambura (ala ya nyuzi inayoshikilia noti ya msingi) kabla hajaanza kuimba. Nakala mbili za tamasha lilelile zikipishana, shika ile inayokubaliana na matamasha yake mengine.

Wimbo wa kwanza uwe “Samajavaragamana” wa mtunzi Tyagaraja, katika raga (mfumo wa noti na miendo yake) ya Hindolam. Raga hiyo ina noti tano tu, haina Ri wala Pa (kati ya zile saba: Sa Ri Ga Ma Pa Da Ni), kwa hiyo hata sikio geni halichelewi kuizoea. Sasa hesabu tala (mzunguko wa mapigo) ya Adi kwa mkono: piga kiganja pajani, gusa kidole cha mwisho, cha pete, cha kati, piga, geuza kiganja, piga, geuza. Hizo ni nane. Mwendo ukiwa wa polepole sana kila moja hufanywa mara mbili, zinakuwa 16. Usiache kuhesabu, maana wengi hupotelea hapo: bila mkono, kimya chake unakiona pengo. Ukihesabu unagundua kwamba amelikata neno kwa makusudi na anajua vizuri atarudi kwenye pigo lipi.

Ukishamzoea hapo, nenda “Giripai”, raga ya Sahana. Jibu la swali lako liko humo. Sahana haina njia iliyonyooka. Kupanda ni Sa Ri Ga Ma Pa Ma Da Ni Sa, kushuka ni Sa Ni Da Pa Ma Ga Ma Ri Ga Ri Sa. Sikiliza ule mwisho, Ga Ma Ri Ga Ri Sa: sauti inarudi nyuma mara mbili kabla haijatua. Ukiukimbiza, ile mikunjo inakuwa kona tu za kupita. Ramanathan anaipa nafasi, noti inayumba mpaka unaisikia inaelekea wapi. Raga za namna hii zinaishi kwenye huo mtikisiko, wanaouita gamaka, ndiyo maana upole wake si uvivu. Sisi tuliokulia kwenye nyimbo za filamu za Kihindi tunasubiri kiitikio. Huku kinachosubiriwa ni noti.

Tafuta pia tungo zake mwenyewe, kwa mfano “Sagara Sayana Vibho” katika Bageshri. Alitunga zaidi ya 300, akitumia jina la Varadadasa kumheshimu mwalimu wake, Tiger Varadachariar, aliyemfundisha kwenye chuo cha sanaa cha Kalakshetra.

Vile vipande virefu vya nusu saa viache mpaka mkono uhesabu wenyewe bila kuukumbusha. Na kama unachotaka ni sauti inayokimbia kama cherehani, mtafute mwimbaji mwingine wa Karnatiki, G. N. Balasubramaniam. Kwa Ramanathan utasubiri bure.