Maswali ya Wasomaji: Vainili Juu ya Vigae vya Zamani

Swali: Sebule yangu ya mita 4 kwa 3.5 ina vigae vya kauri vilivyochakaa. Fundi ananishauri nisivibomoe, tubandike juu yake vigae vya vainili (plastiki) vya sentimita 30, vyenye gundi yake mgongoni, na kazi iishe siku hiyohiyo. Vitashika kweli?
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Vitashika, ila si kwa kazi ya siku moja. Vainili ya milimita 2 ni laini na hufuata umbo la kilicho chini yake. Ukibandika bila kusawazisha, mistari ya grauti (saruji iliyojazwa kati ya vigae) itajichora juu, hasa karibu na dirisha na kwenye njia ya kupita.

Kwanza gonga kila kigae kwa mpini wa bisibisi. Kinacholia uwazi kimeachia: king'oe na ujaze pengo kwa mota, yaani saruji iliyochanganywa na mchanga. Vikizidi robo ya chumba, bomoa vyote. Halafu bandika kipande cha nailoni sakafuni, kingo zote zizibwe kwa selotepu, ukiache siku 2 au 3. Ukikuta matone au grauti imekuwa nyeusi, unyevu unapanda kutoka ardhini na gundi ya mgongoni haitauvumilia. Nyumba isiyowekwa nailoni chini ya jamvi (zege la sakafu) huwa na tatizo hilo mara nyingi.

Sakafu ikiwa kavu, isugue kwa sabuni ya kukata mafuta, suuza, kisha piga msasa namba 60 mpaka mng'ao uishe. Paka praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) ya sakafu isiyonyonya maji, jaza mistari ya grauti, ndipo umwage saruji ya kusawazishia, unene wa milimita 2. Milimita moja hula takriban kilo 1.6 kwa mita ya mraba, kwa hiyo mita zako 14 zinataka kilo 45 hivi, bado hujajaza mistari. Nunua mifuko 3 ya kilo 25.

Hapa tunakusihi usikubali puti ya ukutani (ile ya kulainishia ukuta kabla ya rangi) badala ya saruji hiyo kwa sababu tu ni rahisi. Haikutengenezwa kukanyagwa. Husagika, na kigae kikiinuka utaona gundi yake imejaa unga mweupe: gundi ilishika puti, puti ndiyo iliyoachia.

Saruji ikikauka, paka praima tena ili kuzuia vumbi. Vigae ni 156. Ongeza asilimia 10, vifike 172. Viache chumbani saa 48 kabla ya kubandika. Anzia katikati kwa mistari miwili ya chaki, na sogeza mistari hiyo ikiwa vipande vya ukutani vitapungua nusu ya kigae. Kandamiza kila kigae kwa rola, na usipige deki kwa siku 5. Sakafu itapanda kama milimita 4, kwa hiyo angalia mapema kama mlango utapita.

Swali: Nimepanga, na mwenye nyumba hataki gundi. Nifanyeje?
*Mpangaji, Mombasa*

Jibu: Chukua vainili ya kufungana kwa kingo, unene wa milimita 5 au zaidi. Mistari myembamba ya grauti haiisumbui, lakini kigae kilichochomoza lazima kisagwe, la sivyo viungo vitavunjika. Acha nafasi ya milimita 8 ukutani pande zote, uifunike kwa skatingi (ubao wa chini ya ukuta) iliyopigiliwa ukutani, si sakafuni. Kabati zito la jikoni lisikae juu yake: vainili hutanuka kwa joto, na ikibanwa upande mmoja huvimba katikati.