Bibi alisema hajambo

Miaka yangu ya mwanzo katika kazi ya kutoa dawa ya usingizi kwa wanaopasuliwa hapa Tanga, mpango wangu wa maumivu baada ya upasuaji ulikuwa mstari mmoja kwenye faili: pethidini, dawa kali ya maumivu, akilalamika. Nikishaandika hivyo, naona nimemaliza.

Asubuhi moja nikapita wodini kumwona bibi mmoja wa Pangani aliyetolewa kizazi jana yake.

"Shikamoo bibi, umeamkaje?"

"Marahaba mwanangu, sijambo, alhamdulillahi."

Lakini pindo la kanga alikuwa ameliuma mpaka limelowa. Nikamwambia, "Hebu kohoa kidogo." Akanitazama tu, machozi yakamlengalenga. Karatasi ya dawa ilikuwa tupu. Sista hakukosea: niliandika akilalamika, na bibi hakulalamika. Huku kwetu mwanamke hufundwa kujikaza, na hata mahututi hujibu sijambo.

Tangu hapo sitosheki na "unaumwa?" Namwambia mgonjwa akohoe au ajigeuze, nami namtazama usoni.

Upande wa dawa nilichelewa kubadilika kwa kudhani lazima uwe na mashine ya ultrasaundi ya kuongozea sindano ya ganzi. Si lazima. Madaktari Kehlet na Dahl wa Denmark waliandika tangu 1993 juu ya kuchanganya dawa zinazofanya kazi kwa njia tofauti badala ya kuegemea moja kali. Maumivu yana safari ndefu, kutoka kwenye kidonda hadi ubongoni, na kila dawa huyadaka kwenye kituo chake. Basi mofini, ile dawa kali, inatosha kidogo, na kutapika na pumzi kuzama navyo vinapungua.

Mtu mzima nampa paracetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6. Diklofenaki pia, dawa nyingine ya maumivu, ila si kwa mwenye figo mbovu, vidonda vya tumbo au anayevuja damu. Ninayoipenda zaidi ni bupivakaini, dawa ya ganzi: kabla ya kushona ngozi, namwomba daktari aichome pembezoni mwa kidonda. Isizidi miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na ile aliyochomwa mgongoni kwa ajili ya upasuaji. Hapo usikadirie kwa macho. Ikizidi, moyo unaweza kusimama.

Siku hizi naandika saa zenyewe: 12 asubuhi, 6 mchana, 12 jioni, 6 usiku. Sista mmoja alinigomea: "Hajalalamika, nimpe ya nini?" Nikamwita kitandani, tukamwomba mgonjwa akohoe, akaona mwenyewe. Nawe ukianza, kagua kwanza dozi ya saa 6 usiku. Ndiyo inayorukwa, sista akiwa peke yake na wodi imejaa.